Mji Mdogo Unapojiandaa Kupokea Mashindano: Mafunzo kwa Bunia



Mara kwa mara tunapotembelea kambi tunaulizwa swali moja: je, tukifanya mashindano ya michezo hapa Bunia, vijana wa Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa wakakutana, amani itarudi? Swali ni zuri, na jibu letu si "ndiyo" tupu wala "hapana" tupu. Tumeona afadhali tueleze jinsi miji mingine midogo ilivyofanya, kwa sababu kazi kubwa haiko siku ya mchezo. Iko katika miezi inayotangulia, wakati watu wanapokaa chini kuamua nani aje, apite wapi na alale wapi.

Tutaanza mbali kidogo, kwenye nchi za theluji, kisha turudi karibu na nyumbani.

Mwenyeji mwenye theluji

Februari 1994 mji wa Lillehammer, katika nchi ya Norway, ulipokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, yaani ile ya kuteleza juu ya theluji na barafu. Sisi huku theluji tunaijua kwa kusikia habari za vilele vya Ruwenzori tu, na hata huko inapungua mwaka hadi mwaka. Lakini mambo ya kuandaa wageni ni yale yale popote. Lillehammer wakati ule haikuwa na wakazi 25,000. Ilichaguliwa mwaka 1988, ikapata zaidi ya miaka 5 ya kujiandaa. Na haikutaka kila kitu kiwe chake. Mashindano ya mbio za barafuni yalipelekwa mji jirani wa Hamar, na baadhi ya mechi za mpira wa magongo wa barafuni zilichezwa Gjøvik, ndani ya ukumbi uliochimbwa katika mwamba. Hivyo majirani nao wakapata kazi, wageni na heshima. Laiti kila mji mkuu wa mkoa ungekumbuka hilo.

Siku zile zile, mji wa Sarajevo, uliokuwa mwenyeji wa michezo hiyo hiyo mwaka 1984, ulikuwa umezingirwa na majeshi. Mzingiro ule ulianza Aprili 1992 na haukwisha hadi Februari 1996. Ukumbi wa barafu wa Zetra, ambamo dunia ilishangilia, uliharibiwa kwa mabomu. Uwanja wa mazoezi karibu na uwanja mkubwa wa mpira uligeuzwa makaburi kwa sababu nafasi ya kuzikia ilikuwa imekwisha. Kule mlimani, njia iliyojengwa kwa ajili ya kuteleza ikawa mahali pa kupigia mizinga mjini.

Tunalisema hili mapema ili mtu asidanganyike. Watu wa Sarajevo walikuwa wenyeji wema mwaka 1984, na wema ule haukuzuia vita miaka 8 baadaye. Basi akija mtu kambini na mipira na jezi, akasema analeta amani, mshukuruni kwa mipira.

Hata hivyo michezo ya Lillehammer haikuisahau Sarajevo. Juan Antonio Samaranch, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, aliondoka katikati ya mashindano akaenda kuutembelea mji ule uliozingirwa. Johann Olav Koss, kijana wa Norway aliyepata medali 3 za dhahabu katika mbio za barafuni, alitoa fedha za ushindi wake kwa mfuko wa kuwasaidia waliokuwa vitani.

Kapenguria, mji wa mbio za amani

Mfano wa kutufaa zaidi uko karibu, nchini Kenya. Kapenguria ni mji mdogo wa West Pokot, katika njia ya kutoka Kitale kwenda Lodwar. Wazee wanaujua kwa sababu ya kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake 5 iliyoanza mwaka 1952. Eneo lile limeteswa miaka mingi na wizi wa ng'ombe kati ya Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na majirani zao wa Uganda. Zamani walikwenda na mikuki. Bunduki zilipoingia, uvamizi mmoja ukawa unaacha makaburi mengi.

Tegla Loroupe alizaliwa huko mwaka 1973. Akiwa mtoto alikimbia kilomita 10 kwenda shuleni. Mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, na mwaka 1999 aliweka rekodi ya dunia huko Berlin. Mwaka 2003 alianzisha shirika lake la amani na kufanya mbio za kwanza za amani mjini Kapenguria. Wapiganaji wenyewe, vijana wanaolinda na kuvamia mifugo, ndio walioitwa kukimbia kilomita 10. Wanawake walikuwa na mbio zao, na wakubwa nao walipewa za kwao fupi: mawaziri, mabalozi, wabunge, wakitoka jasho mbele ya wananchi. Mwaka 2006 iliripotiwa kwamba wapiganaji 2,000 wa makabila 6 walikimbia.

Kwa nini kukimbia, wala si mpira? Hapa tunatoa maoni yetu, na mwenye mawazo tofauti tutamsikiliza. Mpira unagawa watu katika pande mbili tangu mwanzo. Kuna goli letu na goli lao, na kuna mwamuzi wa kushukiwa. Timu ikiwa ya kabila moja, kadi nyekundu moja inatosha kuamsha maneno ya miaka 20 iliyopita. Katika mbio za barabarani kila mtu anashindana na pumzi yake. Vijana 500 wakianza pamoja, baada ya kilomita 2 wamechanganyika, na anayekimbia kando yako unamjua kwa hatua zake tu. Tunajua kwamba huku kwetu vijana wanapenda mpira kuliko kitu chochote, na hatusemi uachwe. Ila ukichezwa, kila timu iwe na wachezaji wa pande zote, na isiitwe kwa jina la kabila wala la mtaa unaojulikana kuwa wa watu fulani.

Mbio za Kapenguria hazikumaliza wizi wa ng'ombe. Februari 2023 serikali ya Kenya ililazimika kupeleka jeshi katika wilaya kadhaa za kaskazini ya Bonde la Ufa, na West Pokot ilikuwa mojawapo. Faida tunayoiona sisi iko mahali pengine. Ili vijana wa pande hizo wakimbie pamoja, lazima wazee wakubaliane kwanza kuwaruhusu waje na warudi salama. Siku ile mmoja inatanguliwa na mazungumzo mengi. Wazee wakishazungumza kuhusu njia ya mbio, wanaweza kuzungumza pia kuhusu njia ya malisho.

Ya kuulizana hapa Bunia

Mji wetu una historia yake. Wengi mnakumbuka Mei 2003, mapigano yalipowaka mjini na maelfu ya watu wakakimbilia kando ya makao ya MONUC na uwanja wa ndege, mpaka askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis walipofika mwezi wa Juni. Wengine mliingia baada ya vurugu kuanza tena Djugu mnamo Desemba 2017. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati yoyote ya mashindano si jezi wala kombe. Ni hili: uwanja tunaoutaka, nani analala hapo?

Wakati wa vita, uwanja wa michezo na shule ndiyo mahali penye nafasi. Mji ukitaka kupendeza mbele ya wageni, familia zilizo chini ya turubai ndizo huambiwa kwanza ziondoke. Watu walionyang'anywa makao yao mara ya pili kwa ajili ya sherehe ya amani hawatashangilia, na wana haki ya kukasirika. Viongozi wa kambi waingie katika kamati tangu kikao cha kwanza, wasiitwe siku ya mwisho kupewa habari. Kama familia moja inapaswa kusogea, ijulikane inakwenda wapi, nani anabeba vitu vyake, na itarudi lini. Kama hakuna jibu, tafuteni barabara. Mbio hazihitaji uwanja.

Jambo la pili ni safari. Kijana wa kijiji cha mbali anaweza kukimbia kilomita 10 bila shida, lakini barabara ya kumfikisha mjini ndiyo yenye hatari. Tangu Mei 2021, Ituri ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, ruhusa ya mikusanyiko na ya safari ni jambo la kuombwa mapema kwa wakuu wa jeshi na polisi, kwa maandishi. Mashindano yaanze asubuhi na yamalizike kabla ya saa sita, ili aliyetoka mbali afike kwake jua likiwa bado juu. Kama safari haina usalama, yafanyeni madogo madogo huko huko waliko, kama Lillehammer ilivyogawana na Hamar na Gjøvik.

Tarehe nayo ina siasa yake. Msichague Ijumaa mchana, wala Jumamosi ya Waadventista, wala Jumapili asubuhi, wala siku ya soko kubwa, wala wakati wa mitihani ya serikali. Ikikaribia kampeni za uchaguzi, ahirisheni. Mgombea akishatoa jezi zenye picha yake, mbio ni zake.

Kuhusu zawadi tunashauri ziwe za wote: bomba la maji, madawati, mabati ya darasa. Fedha nyingi mkononi mwa mshindi mmoja huleta ugomvi mpya. Maji ya kunywa yawekwe kila kilomita 2 au 3, bidoni safi na vikombe, na watoaji wachanganywe: mama wa kambini na mama wa mtaani kwenye meza moja. Viatu visiwe sharti. Rose Nathike Lokonyen, mkimbizi wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, alikuwa akikimbia bila viatu alipoonekana katika majaribio yaliyosimamiwa na shirika la Tegla Loroupe. Mwaka 2016 alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio. Timu ile ilikuwa na watu 10, na 2 kati yao walikuwa Wakongomani, Yolande Mabika na Popole Misenga, wote wa judo. Misenga alitenganishwa na familia yake akiwa na miaka 9, akajificha porini siku 8, kisha akapelekwa Kinshasa kwenye kituo cha watoto waliohamishwa na vita. Huko ndiko alikojifunza mchezo wake. Rio alishinda pambano moja, akashindwa la pili.

Ombi moja zaidi kwa wazazi na walimu. Kati ya watakaokimbia watakuwapo vijana waliotoka kwenye vikundi vyenye silaha. Wasivishwe rangi yao peke yao, wala wasiitwe kwenye kipaza sauti kama mfano wa kutubu. Waandikishwe kwa jina na namba kama wengine.

Na ninyi viongozi, msipange viti vya kivulini peke yake. Pangeni zile kilomita 2 za wakubwa, na mwanze mazoezi mapema, maana mji wetu una vilima na watoto wa kambini watakuwa wanawatazama.