Jana Jioni Alikuwa Anakula

"Daktari, jana jioni alikuwa anakula." Karibu kila anayeniletea sungura aliyekufa huanza na kauli hiyo. Boksi liko mkononi, mwili umeshakakamaa, na nyuma ya kauli lipo swali ambalo mtu anaogopa kulitamka: je, nimemuua mimi? Aliyefiwa na mbwa mzee huja na huzuni yake. Aliyefiwa na sungura huja na huzuni pamoja na kesi, na mshitakiwa ni yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu, pole ya mtu huyu haimwingii mpaka kwanza aelezwe sungura anavyokufa.

Sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni Uhispania na Ureno, ni mnyama wa kuwindwa. Porini, anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo amezaliwa akijua kuficha maumivu. Mbwa akiumwa atalia. Sungura atabaki palepale amejikunyata, macho nusu wazi, akisaga meno. Dalili ya wazi zaidi iko chini yake, kwenye kinyesi. Vile vidonge vya kawaida, vikubwa na vyenye nyuzi za nyasi ndani, vinaanza kuwa vidogo na vikavu, mara nyingine vimeungana kwa manyoya. Kisha vinakoma. Vikikoma, utumbo umesimama.

Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake unatakiwa kusukuma chakula usiku na mchana. Ukisimama, gesi inajaa, maumivu yanamkatisha hamu ya kula, na kutokula kunazidi kuusimamisha. Akipitisha saa 12 mfululizo bila kula, hiyo ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari. Sasa piga hesabu: familia inalala saa nne usiku, inaamka alfajiri, watoto wanawahi shule na wazazi wanawahi daladala, wanarudi jua limezama. Ugonjwa mzima, toka mwanzo hadi mwisho, umepita humo katikati.

Na hiyo ni njia ya polepole. Kuna virusi vinavyoharibu ini na kumfanya sungura avuje damu ndani kwa ndani. Viligunduliwa China mwaka 1984, aina yake mpya ikajitokeza Ufaransa mwaka 2010, na kufikia 2020 ilikuwa imeripotiwa Nigeria. Binadamu haambukizwi. Lakini sungura anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu, mwingine bila dalili yoyote, akakutwa chali na tone la damu puani. Majike wasiotolewa kizazi nao wana lao: katika baadhi ya aina, zaidi ya nusu ya waliovuka miaka minne hupata saratani ya kizazi, na uvimbe hukua tumboni kimya kimya. Hakuna mpenzi wa sungura, hata awe makini namna gani, ambaye angeviona hivi kwa macho.

Hata hivyo simpendi daktari anayemwambia kila mtu "hukukosea chochote". Watu si wajinga. Wapo waliompa sungura amoksilini iliyobaki kabatini kwa sababu alikuwa anapiga chafya, na dawa hiyo ikinyweshwa huua bakteria wema wa tumbo lake na kuwaachia nafasi wenye sumu. Wapo waliomkatia majani ya mparachichi, ambayo ni sumu kwake. Wapo waliomwacha chini ya bati mwezi Februari Dar es Salaam, ilhali mnyama huyu hupunguza joto hasa kupitia masikio, na likipita nyuzi 30 anaanza kuzidiwa. Mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kupita kiasi: mtoto akimnyanyua vibaya, sungura hupiga teke hewani na kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Aliyefanya mojawapo ya haya anastahili kuambiwa ukweli, tena kwa upole, pamoja na ukweli wa pili kwamba maarifa haya hayaandikwi kwenye boksi anamouziwa sungura sokoni.

Ndiyo maana nawashauri wenye uwezo wakubali mwili ufanyiwe uchunguzi. Uwekwe kwenye friji, usigandishwe, ufike kwa daktari siku hiyo hiyo, maana tumbo la sungura huchacha haraka mno. Nimeona mabega ya mtu yakishuka aliposikia kwamba ini lilikuwa limeoza kwa virusi na zile karoti alizompa hazikuhusika. Na kama nyumbani kuna sungura wengine, jibu hilo ndilo litakalowaokoa.

Tuje kwenye majonzi yenyewe. Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui: mtu kafiwa, ila hakuna anayemhesabu kuwa mfiwa. Sisi ambao msiba kwetu una turubai, jamvi, rambirambi na majirani wa kukesha nao tunaielewa hali hii kuliko anavyodhani yeye, kwa sababu tunajua kinachokosekana. Kwa sungura hakuna anayekuja. Ukilia, unaambiwa "ni sungura tu, nunua mwingine". Tena katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania sungura ni kitoweo, kwa hiyo anayemlilia huonekana kama anayelilia mboga. Ajabu ni kwamba mtoto anayefuga sungura wa kuliwa mara nyingi amempa jina. Mtoto huyo akikuta rafiki yake ameshaingia sufuriani kwa ajili ya mgeni, kilio chake kina mantiki kuliko kicheko cha wakubwa.

Watu husoma mahali fulani kwamba huzuni ina hatua tano, wakajikagua kama wamefika ya ngapi. Mpangilio huo ulitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross, mwaka 1969, naye alikuwa akizungumzia wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Haukukusudiwa kuwa ratiba ya mfiwa. Wiki ya pili unaweza kucheka vizuri kazini, kisha ukamenya karoti jioni na mkono ukaweka pembeni maganda ya kumpelekea. Hilo ni la kawaida. Kinachohitaji msaada wa mtaalamu ni kushindwa kula, kulala au kufanya kazi kwa muda mrefu, na hapo usione haya kusema kilichoanzisha ni sungura.

Kwa watoto nina maneno machache. Usimwambie mtoto "amelala". Wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, na mdogo kuliko hapo akiambiwa sungura amelala ataogopa kitanda chake. "Ametoroka" ni mbaya zaidi, kwani atamtafuta uchochoroni kila siku. Sema amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena. Akitaka kumshika, mwache amshike, kisha anawe mikono. Na kama sungura wa nyumbani kwenu ni wa kuliwa, mtoto ajue hilo tangu siku wanapoletwa.

Mfiwa anayesahaulika kabisa ni sungura aliyebaki. Hawa ni wanyama wa kundi. Wawili waliozoeana hulala wamegandamana na kulambana usoni. Mmoja akifa, wa pili huweza kuzunguka akinusa kila pembe, kukaa mahali pa mwenzake au kujibanza na kususa. Kama kifo hakikutokana na maradhi ya kuambukiza, wafugaji wazoefu humwachia mwili kwa saa chache. Atanusa, pengine ataulamba au kuvuta manyoya, pengine atarukia juu yake, halafu ataondoka zake. Sitadai kwamba anaelewa kifo kama wewe. Ninachojali mimi ni tumbo lake, maana huzuni yenyewe inaweza kumfanya aache kula, na tumeshaona kutokula kunaishia wapi. Siku zile za kwanza mwekee nyasi mbichi na majani yenye harufu kali anayoyapenda, kotimiri kwa mfano, na uhesabu vidonge vya kinyesi asubuhi na jioni.

Ikiwa sungura mgonjwa amefikia pa kupumzishwa, daktari mzuri humchoma kwanza sindano ya usingizi, ndipo dawa ya mwisho ipite kwenye mshipa wa sikio. Macho hubaki wazi, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama. Ujue mapema ili usidhani anateseka. Dawa inayotumika mara nyingi, pentobabito, hubaki mwilini, hivyo mbwa au ndege atakayeufukua mzoga na kuula anaweza kufa naye. Chimba shimo refu, mbali na kisima, weka mawe juu. Ukitaka kupanda mti hapo au kuandika jina lake, fanya. Huko Asnières, pembezoni mwa Paris, kuna makaburi ya wanyama yaliyofunguliwa mwaka 1899, na sungura ni miongoni mwa waliozikwa humo.

Swali la kuleta mwingine huwa nalijibu kwa kuanza na banda. Kama virusi vinashukiwa, subiri, maana hudumu miezi kadhaa kwenye mbao na vyombo. Choma matandiko, osha vyombo kwa jiki, fungu moja kwa maji mafungu tisa, na umuulize daktari kama chanjo inapatikana ulipo. Mgeni akifika, atengwe wiki mbili kabla ya kukutanishwa na mjane wako. Wakutanishwe waya ukiwa katikati, kwenye eneo ambalo hakuna aliyelizoea, dakika chache kila siku. Wakianza kula ubavu kwa ubavu, ondoa waya ukiwa umekaa hapohapo na taulo mkononi, kwa sababu sungura wakipigana huraruana kweli.