Fataki ya zamani haijafa: neno kwa wenzangu wa mashambani

Mimi ni agronomo, na hapa mashariki mwa nchi yetu wakulima wananiuliza swali moja mara nyingi: «Agronomo, hii sasi imelala mu udongo miaka 20, si imeshakufa?» Jibu ni hapana, na inafaa sisi tuliosoma tuweze kueleza kwa nini.

Sasi nzima iko na vitu vinne: kichwa, ganda (mara nyingi la shaba ya njano), baruti ndani ya ganda, na fataki, ile duara ndogo katikati ya kitako, ambayo kwa Kifaransa tunaiita amorse. Baruti inangoja moto. Fataki ndiyo inatoa moto huo, na inautoa juu ya kugongwa tu. Dawa yake ni miligramu makumi machache, karibu uzito wa punje moja ya mtama. Fataki za kale zilitengenezwa kwa zebaki. Nyingi za leo ziko na dawa ya risasi, ile madini, ambayo vumbi lake ni sumu kwa mtoto.

Watu wanafikiri fataki inazeeka sawa mbegu. Mbegu ikikaa vibaya, uhai wake unaisha. Dawa ya fataki inaweza kulowa mvua yote ya masika, kisha ikakauka kiangazi na kulipuka sawasawa. Mafuta pia hayaiui kwa hakika. Tena kwenye kapsuli ya gruneti kuukuu, unyevu na shaba vinaweza kuzaa chumvi inayolipuka kwa urahisi kuliko dawa ya mwanzo. Hapo uzee umeongeza hatari.

Sisi tunapima mbegu 100: zikiota 10 tu, tunazitupa. Fataki 100 za zamani zikilipuka 10 tu, hao ni watu 10 wa kupeleka hospitali.

Kule Marekani kuna raia wanaojaza masasi yao wenyewe nyumbani, na sheria inawaruhusu. Mwanafunzi wa kazi hiyo anafundishwa mapema: vaa miwani, acha fataki ndani ya boksi lake la kiwanda, usizimwage pamoja mu chupa juu moja ikilipuka inaweza kulipua zote, usilazimishe inayokataa kuingia, na zile za zamani zisizojulikana asili usizitumie. Huyo ana boksi lenye maandishi, meza safi na mwalimu. Mtoto wetu ana jiwe na udadisi. Kwetu, sheria ya silaha na masasi ya 1985 inadai ruhusa, kwa hiyo kazi hiyo tusiifikirie hata kidogo.

Hatari kwetu iko kwa wanaookota shaba ya kuuza kwa kilo. Mtu anaona ganda bila kichwa, anasema ni tupu. Kumbe fataki inaweza kuwa bado nzima pale kitakoni, na nyundo ya kuliponda inatosha kuilipua. Alama ya kugongwa nayo haihakikishi kitu: kuna sasi iliyogongwa ikakataa kutoka, na baruti yote ingali ndani. Wengine wanatupa masasi mu moto ili «yaishe». Ganda linapasuka, na vipande vinatafuta macho ya walio karibu.

Basi tuwaambie watu hivi: jembe likigusa chuma usichokijua, simama. Usiokote, usifukue, usipeleke nyumbani hata kwa kumuonyesha chef. Rudi kwa nyayo zako zilezile. Weka alama ya kuonekana pale njiani, mbali na kile kitu, na usipigilie kijiti ardhini. Zuia watoto na mifugo. Kisha mwambie chef wa kijiji au wa kartie, apeleke habari kwa wenye kazi ya kuondoa vilipuzi: nchi yetu iko na kituo chake, CCLAM, na Umoja wa Mataifa uko na UNMAS.

Mimi nimeanza kutoa maelezo haya dakika tano kabla ya kila kazi ya shamba, pamoja na habari ya mbegu na mbolea. Walimu, manesi na maagronomo wa ukurasa huu, fanyeni vile kwenu pia. Kama muko na maneno ya lugha za nyumbani yanayoeleza fataki vizuri zaidi, muyaandike hapa chini, tutayatumia.