Ukitoka ku kazi, usitoke mikono mitupu: omba karatasi

Kule Ubelgiji kila mutumishi anajua C4. Ni karatasi ambayo patron anajaza siku mutu anaacha kazi ao anafukuzwa: tarehe aliingia, tarehe alitoka, mushahara wake, na sababu gani ametoka. Mutumishi anaipeleka ku sendika yake, na sendika ndiyo inamulipa kila mwezi franga za watu wasio na kazi. Office inayosimamia ile franga inaitwa ONEM.

Hapa Lubumbashi pia tuko na ONEM. Jina ni ileile, Office National de l'Emploi, lakini kazi yake si ileile. ONEM yetu inaandikisha wanaotafuta kazi. Hailipe mutu kwa sababu amekosa kazi. CNSS nayo iko na sanduku tatu tu: malipo ya jamaa, hatari za kazi, na pensheni. Sanduku ya mutu aliyepoteza kazi haiko.

Ndiyo maana wandugu wengi, tukiwauliza kama walipewa karatasi ya mwisho wa kazi, wanajibu: « Itanisaidia nini? Haileti hata franga moja. » Mimi ninaona kinyume. Mubelgiji akipoteza C4 yake, iko office ya kumutafutia ingine. Wewe, kama patron amefunga mulango na hauna karatasi, nani atasema ulitumika?

Sheria iko wazi kuliko tunavyofikiri. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, article 79, inasema hivi: mukataba ukiisha, kwa sababu yoyote ile, patron analazimishwa kumupa mutumishi certificat. Mule ndani anaandika kazi gani ulifanya, muda gani, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na namba yako ya INSS, ile ambayo leo tunaita CNSS. Anapaswa kukupa mbele siku mbili za kazi kupita. Siku mbili, si myezi mbili.

Na hapo kuna neno ambalo ma-chef du personnel wengi hawapendi kusoma: hakuna neno lingine linaruhusiwa kuongezwa. Hata kama wamekufukuza kwa « faute lourde », hawana haki ya kuiandika mule. Hawana haki ya kuandika kama unapenda mabishano, ao kama ulikuwa delege wa sendika. Sababu ya kukufukuza inaandikwa fasi ingine, ku barua ya kuvunja mukataba, na hiyo pia ni lazima: patron akivunja mukataba, anaandika, na anataja sababu. Kukuambia ku mulango « kazi ilisha kwisha, kesho usikuye tena », na baje yako haifungue tena, ile si namna ya sheria ya kufukuza mutu.

Shida kubwa iko kwa ma-sous-traitant. Ku mine nyingi za hapa Haut-Katanga na za Lualaba, wanaoendesha makamyo, wanaolinda, wanaopika, wanaochomelea, hawako watumishi wa mine yenyewe. Wako wa kampuni ndogo yenye mukataba na mine. Mukataba ule ukiisha, kampuni inafunga kontena yake, inaenda, na kisha miezi inarudi na jina ingine. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilitaka kazi za sous-traitance ziende kwa kampuni za Wakongomani. Ni jambo nzuri, lakini kampuni ya Mukongomani pia inajua kuhama usiku. Mutumishi anabaki na overoli na viatu. Akienda kuomba kazi fasi ingine, wanamuuliza: ile miaka ine ulikuwa wapi?

Ma-journalier wanadanganywa zaidi. Wanaambiwa: « Wewe uko wa kila siku, hauna mukataba, hauna karatasi. » Si kweli. Ukiwa umekwisha kutumika siku 22 ndani ya myezi mbili, na wakakuchukua tena mbele ile myezi mbili kuisha, sheria inaona ile kazi mupya kama mukataba wa muda usio na mwisho. Hesabu siku zako, ziandike ku kadaftari.

Tarehe mbili za ile karatasi ziko na uzito kwa hesabu. Kwa mukataba usio na mwisho, kama patron ndiye anavunja, préavis haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, na siku 7 kwa kila mwaka muzima uliotumika. Mutu wa miaka 6: 14 na 42, ni siku 56 za kazi. Wakiandika uliingia 2021 na wewe uliingia 2019, wamekuibia siku 14 kwa kalamu tu. Wale zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines kuanzia mwaka 2003 kwa « départ volontaire », kwa franga za Banque mondiale, wanajua uzito wa miaka ku hesabu ya mwisho.

Angalia pia namba ya CNSS. Ku mushahara wako wanakata 5 kwa 100, na patron anaongeza 13 kwa 100 yake. Kukata ni kitu moja, kufikisha ku CNSS ni kitu ingine. Ukipata karatasi, enda nayo ku CNSS, uliza ni myezi ngapi imeandikwa kwa jina lako. Afazali ujue ukiwa na miaka 40 kuliko ukiwa na 60.

Kuna karatasi moja ambayo si ya kupokea, ile ya « démission » wamekwisha kuandika tayari, wewe unaweka tu sinyatire. Wanasema ukisaini utalipwa leo. Ukisaini, umesema wewe ndiye uliacha kazi, na kubishana kisha juu ya kufukuzwa bila sababu kunakuwa nguvu sana. Mushahara uliobaki wanapaswa kukulipa ndani ya siku mbili za kazi, usaini ao usisaini.

Wakikatala karatasi, andika barua, kopi mbili, waweke kashe na tarehe ku kopi yako. Siku zikipita, enda ku Inspection du Travail. Inspekta anaita pande zote mbili. Mukikosa kusikilizana, anaandika procès-verbal, na bila ile PV Tribunal du travail haipokee mashitaki yako. Hata kama haukukuwa na mukataba wa kuandikwa, sheria inakubali uonyeshe kwa njia zote kama ulitumika: bulletin de paie, picha ya baje, mesaji za chef ku telefone, washahidi. Lakini usilale. Kwa mushahara usiolipwa, haki ya kushitaki inaisha kisha mwaka 1. Kwa mambo mengine mengi ya mukataba, kisha miaka 3. « Rudi mwezi ujao, directeur ako ku safari » ni namna ya kupitisha ule mwaka.

Ba mama, hii inawahusu. Kufa pia kunamaliza mukataba, na certificat inaombwa vilevile. Mujane akienda ku CNSS juu ya pensheni yake na ya batoto, wanamuomba namba ya marehemu na miaka yake ya kazi, na mara nyingi vyote viko ndani ya sanduku ambayo mume peke yake alijua. Mwambie akuonyeshe leo: mukataba, karatasi za mushahara, certificat ya kila kampuni alipitia. Piga zote picha, na kopi moja ibaki kwa yaya ao kwa shangazi, nje ya nyumba.