Bega la Rui Costa: Picha ya San Siro na Hamu ya Mashabiki

Ni picha chache za kandanda ambazo mashabiki wa rika na nchi mbalimbali huzirudia mara kwa mara kama ile iliyopigwa na Stefano Rellandini wa shirika la habari la Reuters usiku wa tarehe 12 Aprili 2005, katika uwanja wa San Siro jijini Milano, Italia. Ndani yake Marco Materazzi, beki mrefu wa Inter, ameegemeza kiwiko juu ya bega la Rui Costa, kiungo Mreno wa AC Milan, na wote wawili wametulia wakitazama moshi na miali myekundu iliyoufunika uwanja, mithili ya majirani waliokaa barazani wakingoja mvua ipite. Watu wengi walioiona picha hiyo hawakuitazama mechi yenyewe, na wengine walikuwa hawajazaliwa, lakini huizungumzia kwa hamu ileile ya kuyatamani ya zamani ambayo mtu huwa nayo kwa jambo lililomtokea mwenyewe.

Uzito wa kiwiko kile hauwezi kueleweka bila kuufahamu uhasama uliokuwa nyuma yake. Mechi ya timu mbili za mji mmoja, ambayo wapenzi wa soka huiita dabi, hubeba mambo mengi kuliko pointi, kwa kuwa anayeshindwa hukutana na aliyemshinda kesho yake kazini, sokoni na hata mezani nyumbani. AC Milan ilianzishwa mwaka 1899, na mwaka 1908 baadhi ya wanachama wake wakajitenga na kuunda Inter, kwa sababu hawakukubaliana na msimamo wa klabu kuhusu wachezaji wa kigeni. Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua simulizi hili kwa urahisi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam, ambako Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba ikazaliwa mwaka uliofuata kutokana na mgawanyiko wa ndani ya klabu hiyohiyo. Huko Milano pia mahasimu hutumia uwanja mmoja, hali iliyoleta jambo la ajabu mwaka 2003, pale timu hizo zilipokutana katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, zikatoka sare mechi zote mbili ndani ya San Siro, na Inter ikatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini, ilhali hakuna timu iliyokuwa imesafiri kwenda popote.

Mwaka 2005 zilikutana tena, safari hii katika robo fainali. Milan ilikuwa imeshinda mechi ya kwanza kwa mabao 2-0, na katika marudiano Andriy Shevchenko akaongeza jingine kipindi cha kwanza, hivyo mashabiki wa Inter, ambao klabu yao haikuwa imetwaa ubingwa wa Italia tangu mwaka 1989, walikuwa wakishuhudia matumaini yao yakizimika kwa mara nyingine mbele ya watu wasiotaka kabisa kushindwa nao. Katika kipindi cha pili Esteban Cambiasso alifunga kwa kichwa, lakini mwamuzi Markus Merk wa Ujerumani akalikataa bao hilo kwa madai kwamba kipa alichezewa rafu. Hapo jukwaa likalipuka, na chupa pamoja na fataki, yaani ile mienge inayotoa moto na moshi mzito ambayo mashabiki wa Italia huiwasha kushangilia, vikamiminika uwanjani, mpaka mmoja ukampiga begani Dida, kipa wa Milan, alipokuwa akiondoa takataka ili apige mpira wa goli. Mchezo ukasimamishwa, na ulipoanza tena, Dida akiwa amempisha Christian Abbiati, fataki zikarushwa upya na mwamuzi akauvunja moja kwa moja.

Ni katika kungoja huko ndipo Materazzi alipolitumia bega la mpinzani wake kama kiegemeo. Picha hiyo isingekuwa na nguvu hata nusu kama kiwiko kingekuwa cha mchezaji mpole, lakini huyu alikuwa Materazzi, aliyefungiwa miezi miwili mwaka 2004 kwa kumpiga mchezaji wa Siena, na ambaye mwaka 2006 angepigwa kichwa na Zinedine Zidane katika fainali ya Kombe la Dunia. Tanzania ina mila inayosaidia kuieleza hali hiyo, nayo ni utani, ambamo watu wa makabila mawili, aghalabu yale ambayo mababu zao walipigana vitani, huruhusiwa kukejeliana bila kukasirikiana na hutarajiwa kuhudumiana katika misiba. Si bure kwamba magazeti ya nchi hiyo huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Mtani hatakiwi kuacha kuwa mpinzani, ila upinzani wake una mpaka ambao pande zote mbili zinaujua.

Inafaa kuuliza kama kweli zamani wachezaji walipendana kuliko sasa, na jibu la haki ni kwamba hakuna sababu kubwa ya kuamini hivyo. Wachezaji wa leo huhama klabu kwa wepesi, hukutana katika timu za taifa, na hukumbatiana baada ya mechi hata kuwaudhi mashabiki wao. Kilichopungua ni urafiki unaojitokeza wenyewe hadharani, kwa kuwa mchezaji anayejua kwamba kamera zinamfuata kila hatua hufunika mdomo kwa kiganja anapozungumza na mpinzani, na maneno yake ya kirafiki mtandaoni mara nyingi huandikwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, si kutoa kitu kilekile kilichowekwa ghalani, na mashabiki nao wameujenga upya usiku wa San Siro kwa kuchukua kiwiko na kuacha mengine.

Yaliyoachwa si madogo. Dida aliungua begani akiwa kazini, Milan ikapewa ushindi wa 3-0, na Inter ikatozwa faini na kuamriwa kucheza mechi nne za Ulaya za nyumbani bila mashabiki. Miali inayoipendezesha picha ndiyo silaha iliyomjeruhi mtu, na wachezaji wale wawili walisimama pamoja kwa sababu watu wanaowapenda walikuwa wameufanya mchezo ushindwe kuendelea. Hamu ya mashabiki ni halali, na picha hiyo inastahili kila sifa inayopewa, lakini mhariri anayeichapisha na shabiki anayemtumia mwenzake wana wajibu wa kumtaja Dida katika maelezo yake.