Gazeti la Wanasiasa, Kalamu ya Mshairi

Wapo wadhanio kwamba gazeti huzaliwa kwa kupenda habari tu. Sivyo lilivyozaliwa *New York Evening Post*. Mwaka 1801 Thomas Jefferson alishika urais wa Marekani, na Alexander Hamilton na wenziwe wa chama cha Federalist, walioshindwa, wakataka gazeti la kuwasemea. Wakachanga fedha, wakamweka wakili William Coleman awe mhariri, na tarehe 16 Novemba toleo la kwanza likatoka. Coleman mwenyewe alieleza kwamba akimwendea Hamilton usiku. Huyu asema, yule aandika, hata makala ikatimia.

Miaka mitatu haikutimia. Julai 1804 Hamilton alipigana kwa bastola, mtu kwa mtu, na Makamu wa Rais, Aaron Burr, akauawa. Coleman akaendelea hadi kufa kwake mwaka 1829.

Na hapa ndipo nipapendapo, mimi mtunga mashairi. Kiti cha uhariri kilimwangukia mshairi, William Cullen Bryant, akakikalia mpaka alipofariki mwaka 1878. Hamilton ndiye aliyepigania kuundwa kwa benki ya taifa. Gazeti lake, mkononi mwa Bryant, likasimama na Rais Andrew Jackson aliyeipiga vita benki ya namna hiyo hiyo! Mwaka 1836 likawatetea mafundi cherehani waliotozwa faini mahakamani kwa kuungana wadai ujira. Baadaye likapinga kuenea kwa utumwa, na mwaka 1860 likamuunga mkono Abraham Lincoln.

Waliochanga mwaka 1801 hawakutoa fedha zao kwa ajili ya mafundi cherehani.