Unauza mtandaoni? Slipu ya hundi si pesa

KAMA umezoea kuuza simu, viatu au fanicha mtandaoni, SMS feki ya M-Pesa pengine haikubabaishi tena. Mteja akisema ametuma, unaangalia salio lako kwanza ndipo mzigo utoke. Lakini mteja huyo akikutumia picha ya slipu ya benki iliyopigwa muhuri, je, utaangalia wapi?

Hapa ndipo wajanja huvizia. Vijana wengi hawajawahi kushika hundi, au cheki kama tunavyoiita mtaani, na hawajui inavyogeuka kuwa pesa.

Chukulia unauza laptopu kwa Sh45,000 ili ulipe kodi ya nyumba. Anatokea mteja mwenye haraka. Haombi upunguze bei, wala haulizi betri inakaa na chaji kwa muda gani. Anakwambia kampuni yao hulipa kwa hundi tu. Ijumaa alasiri anakutumia picha ya slipu: hundi imewekwa kwa akaunti yako. Muda si muda, bodaboda yuko nje ya geti, anasubiri mzigo.

Slipu hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba inaonyesha benki imepokea karatasi, basi. Bado benki yako itatuma picha ya hundi kwa benki ya aliyeiandika, na huko ndiko watakagua sahihi na kuangalia kama akaunti ina kitu. Kwa kawaida shughuli hii huchukua siku moja au mbili za kazi, na wikendi haihesabiwi. Hundi ya Ijumaa jioni ikidunda, huenda ukajua Jumanne. Kufikia hapo laptopu yako ina mwenyewe mwingine, na nambari ya mteja haipatikani.

Usidanganywe pia na kiasi kinachoonekana kwenye programu ya benki. Akaunti inaweza kuonyesha Sh45,000 zimeingia ilhali bado huwezi kuzitoa. Salio la kutazama ni lile unaloweza kutoa sasa hivi.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Mteja anaandika hundi ya Sh60,000, kisha anapiga simu akijifanya amekosea. “Tafadhali mtumie dereva hizo Sh15,000 zilizozidi kwa M-Pesa.” Hundi ikirudi, umepoteza laptopu na pia Sh15,000 zako halisi. Mtu akikulipa zaidi ya bei na kutaka chenji haraka, simamisha biashara hapo hapo.

Ndiyo, sheria ipo. Kifungu cha 316A cha Sheria ya Adhabu kinafanya kutoa hundi mbovu kuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka mmoja. Lakini polisi watamtafuta nani, ikiwa jina ulilopewa ni la uongo na hundi yenyewe iliibwa?

Si kila anayelipa kwa hundi ni tapeli. Shule, makanisa na kampuni bado huzitumia, na ukiuza viti 50 huenda ukakutana nayo. Ikubali, ila kwa masharti yako:

• Mwambie mteja mapema, kabla ya kukubaliana bei, kwamba mzigo utatoka hundi ikishapita.

• Piga simu benki yako au fika mwenyewe, uulize: “Hii hundi imepita?” Usiulize kama imepokelewa.

• Akikuletea hundi ya benki, thibitisha na benki iliyoitoa. Tumia nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyokupa yeye.

• Hundi ya zaidi ya Sh1 milioni usiipokee. Kiasi hicho hutumwa kielektroniki moja kwa moja kati ya benki.

Mteja wa kweli ataudhika kidogo kusubiri hadi Jumanne, kisha atasubiri. Anayekutolea vitisho kwamba bodaboda anaondoka, mwache aondoke naye.