Mwanaanga hujifunza upya kusimama

MTOTO anayejizungusha katika uwanja wa Camp Toyoyo, mtaani Jericho, Nairobi, kisha akasimama ghafla, huiona dunia ikiendelea kuzunguka. Kosa si la macho. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu iliyopinda na kujaa majimaji, na majimaji hayo huchelewa kutulia.

Kando ya mifereji hiyo mna vijiwe vidogo mno vya kalsiamu, vilivyolala juu ya vinywele laini. Abiria wa matatu katika Barabara ya Jogoo, hata akifumba macho, hutambua dereva anapofunga breki kwa kuwa vijiwe hivyo husukumika mbele. Ndivyo pia vinavyomwarifu, usiku na mchana, ardhi iko upande gani.

Mwanaanga hunyimwa habari hiyo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, huanguka daima kikiizunguka dunia, na vyote vilivyomo huanguka pamoja nacho. (Wengi hudhani huko hakuna nguvu za uvutano. Zipo, tena karibu asilimia 90 ya hizi zetu.) Kwa hivyo vijiwe havilemei upande wowote. Macho yanasema hili, sikio linasema lile, na thuluthi mbili hivi ya wanaanga huugua kichefuchefu siku za mwanzo.

Baada ya siku mbili tatu, ubongo huamua. Hupuuza ushahidi wa vijiwe na kuyategemea macho zaidi. Mwanaanga huanza kuelea kwa wepesi, kichwa chini miguu juu, bila kero.

Deni hulipwa akirejea. Suni Williams na Butch Wilmore walipotua Machi 2025, baada ya siku 286, walitolewa chomboni kwa machela, kama ilivyo desturi. Si udhaifu wa misuli pekee. Mtu aliyetoka kutua akiinamisha kichwa kidogo tu huhisi kama anapinduka. Akikata kona, huyumba mithili ya mlevi. Sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama imara hurejea katika siku au majuma machache.

Majuma hayo ndiyo yanayowatia wataalamu wasiwasi kuhusu Mars. Safari ya kwenda huko huchukua miezi sita au zaidi, na hakutakuwa na wabeba machela. Wasafiri watalazimika kufungua mlango na kutoka wenyewe, pengine kwa dharura, siku ileile ambayo ubongo ungali unabishana na vijiwe.